Nilicheza muumini kwenye movie ya dhehebu, halafu nikampeleka dadangu aitazame

Wakuu, salamu kutoka Kitengela, mahali ambapo vumbi halijawahi kwenda likizo. Haya ninayoandika yalinitokea mimi mwenyewe. Na kwa kuwa mjinga wa hadithi hii ni mimi, sina sababu ya kuongeza chumvi.

Mwaka jana kuna vijana walikuja kushuti horror huko Kajiado, mbele kidogo ya Isinya. Wakatafuta extras. Nikajipeleka.

Story yenyewe: pastor anawapeleka waumini wake porini wafunge mpaka wafe, na msichana mmoja tu anabaki hai.

Sasa huyo pastor wao! Lenzi nyekundu machoni, kucha ndefu, sauti inakoroma kama posho mill ya kusagia unga. Jamani, nani angemfuata mtu kama huyo hata hadi dukani? Damu ilikuwa sukari na rangi ya keki, nzi wa ng'ombe wote wa Kajiado wakahamia kwetu. Saa saba tunashiba chapo madondo, saa nane director anafoka, "Njaa! Nataka kuona njaa!" na sisi tunabeua tu.

Mwishoni msichana anamkata pastor na panga, anaruka gate, anatimua mbio nyikani akipiga nduru.

Hapo ndipo mdomo uliponiponza. Nilimwambia director, "Hii ni kama story ya sister yangu. Yeye pia alitoroka."

Niwaeleze kidogo. Dadangu mkubwa, Risper, na mumewe Ben waliingia kikundi fulani cha maombi, wakahamia shamba moja porini ndani kabisa na wenzao saba. Mafundisho yalikuwa hayo hayo, kufunga mpaka Bwana aje. Katika hao wote, ni Risper peke yake aliyerudi hai.

Nyumbani Kakamega tukamfanya shujaa. Kila Krismasi Baba humsimamisha kanisani, eti huyu Mungu alimpa nguvu ya kutoroka, na watu wanapiga makofi. Risper husema asante, anakaa.

Basi movie ikaonyeshwa Jumapili mchana kwenye ukumbi mmoja hapa Kitengela. Nikampeleka Risper. Mtaniuliza akili yangu ilikuwa wapi. Ilikuwa kwenye zile sekunde tatu ninazoonekana nikitikisa mikono hewani. Nilitaka anione, wakuu. Aibu gani hii.

Watu walipiga mayowe, yeye akala njugu. Nikadhani mambo yako sawa.

Taa zikawashwa, director akashika mic. "Leo tuko na survivor wa ukweli hapa. Dada, simama utuambie, ulitoa wapi nguvu ya kutoroka?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Risper akasimama.

"Mimi sikutoroka," akasema. "Nilifukuzwa."

Akaweka njugu zake kwenye kiti.

"Nilipatikana kwa choo nikikula ndizi mbichi. Nilikuwa nimeificha kwa leso. Pastor hakunigusa. Alikuwa mtu mpole sana, alikuwa anajua majina ya watoto wa kila mtu. Alilia. Wakanisindikiza hadi kwa gate wakiniimbia. Huyu msichana wenu anaruka gate anahepa. Mimi nilikaa hapo nje siku mbili nikibisha, nikiwaomba wanirudishe ndani."

Na yule ng'ombe wa director akajibu nini? "Wow. Hiyo tunaweza weka kwa part two."

Risper akamwangalia vile mama mboga huangalia nyanya iliyooza.

"Unaniuliza nguvu," akasema. "Wenye walikuwa na nguvu ndio walibaki huko ndani. Mimi nilikuwa mlafi."

Akaketi. Hakuna aliyepiga makofi, na nashukuru.

Tulipotoka nje nilimwomba msamaha, maneno yakagongana mdomoni. Hakukasirika. Alianza na uigizaji wangu: "Na wewe uliomba vibaya! Mtu amekaa wiki bila chakula anatoa wapi mikono ya kurusha hivyo?"

Halafu akasema polepole, "Miaka hii yote mnasema nilitoroka. Hakuna mtu aliwahi kuniuliza."

Ilikuwa kweli. Tulijitungia movie yetu kabla ya hao vijana kuja na kamera zao, na yetu ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu tulimlazimisha aicheze. Basi nikamuuliza, nikiwa nimechelewa miaka.

"Nani alifunga hiyo gate?"

"Ben."

Nilimjua Ben, alikuwa shemeji mzuri. Nikauliza kama alimwambia chochote.

"Alivua sweta yake akanirushia juu ya gate. Akasema, 'Vaa, huko nje kuna baridi.'"

Wakuu, nimekaa na hilo jibu wiki nzima. Wale wa lenzi nyekundu hawangeliweka kwenye movie yao, lingewaharibia mtu wao mbaya.

Nilichojifunza ni hiki: mtu akirudi kutoka mahali kama hapo, usimshonee ushujaa unaokupendeza wewe. Muulize, kisha ufunge mdomo. Na nyinyi mnaojiandaa kuandika eti ninyi mngetoroka siku ya kwanza, tulizeni vidole.

Lakini kama kwenu kuna aliyerudi hivyo, uwanja ni wako hapo chini. Alipofika nyumbani, mlimuuliza nini kwanza?

Sisi hatukumuuliza kitu.