Kipa Asiyepangua

Harufu ya mpira wa ngozi uliolowa, ukikaushwa kando ya jiko la vifuu, ndiyo inayonirudisha Chumbageni, mwaka ule mdogo wangu Bakari alipomaliza darasa la saba. Wazazi wetu walikuwa wamekwisha kufariki, nami, dada yao mkubwa, niliacha shule ili yeye na mdogo wetu wa kike wasiache. Asubuhi nilikaanga mihogo. Jioni nilikaa na sinia langu pembeni mwa kiwanja, nikimtazama Bakari golini. Mpira hujifunzwa kwa macho, kama upishi. Niliona ana mikono inayonata, na kuruka anaruka. Lakini jambo moja lilinitia wasiwasi: hakupangua mpira kwa ngumi hata mara moja. Sababu niliijua. Nyuma ya goli palikuwa na ukuta wa Bi Zuhura, na mpira ulioruka ukuta ule haukurudi mzima. "Ukiingia kwangu ni kitoweo!" alisema mama yule, na kweli aliupasua kwa kisu cha samaki. Basi makipa wote wa mtaa wetu walikua wakijua kudaka tu; aliyepangua alizomewa na timu yake mwenyewe.

Masika yale akaja mwalimu wa shule moja ya bweni, akitafuta kipa mmoja wa kumsomesha. Kwangu hapakuwa na njia nyingine ya kumpeleka Bakari sekondari. Siku ya majaribio mvua ilinyesha tangu asubuhi. Bakari alidaka mashuti mpaka watu wakamshangilia, kisha ikapigwa kona. Mpira ukaja juu ya vichwa vya watu, umelowa, unateleza. Nikanong'ona, "Piga ngumi, baba, piga ngumi." Yeye akataka kuukumbatia. Ukamponyoka, ukaingia.

"Kipa kala mlenda huyo!" vijana wakapiga kelele.

Mechi ilipokwisha, mwalimu alinifuata. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Nasikia wewe ndiye mlezi wake. Uzuri wake nimeuona. Niambie ubaya wake."

 Ningeweza kusema mtoto ana homa, au kuisingizia mvua. Bakari alikuwa ameshika nguzo ya goli, ananitazama. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua.

"Hapangui, mwalimu. Hata usiodakika anataka kuudaka. Jua likiwaka ni vivyo hivyo." Nikamweleza habari za ukuta na kisu.

Alicheka hadi nikajuta kusema. "Nilidhani ni woga," akasema. "Woga siwezi kuutoa. Mazoea nayatoa. Aje na godoro lake."

Siku hizi makipa wa mtaani hurekodiwa kwa simu, na wazazi hutuma video za kudaka tu. Mabao waliyofungwa yamekatwa. Siwalaumu. Najua ilivyo vigumu mtu kuulizwa kasoro ya mtoto wake. Bakari sasa ana mke na watoto, anadakia timu ya mbali, na kila baada ya mechi hunipigia simu. Sifa anazisikia kwingine. Kwangu huuliza, "Dada, leo nimekosea wapi?" Siku ile jibu langu lingeweza kumfungia mlango wa shule, leo halimpunguzii hata sahani ya wali. Hata hivyo hunijia vilevile hamu ya kuisingizia mvua. Kisha humwambia kosa lake.