Nyumba Isiyo na Mlango

Wajukuu wamenisumbua wiki nzima niandike hii. Mi nilitaka kuandika juu ya viazi.

Pale kando ya ziwa, dada mmoja mchongaji alisimamisha sanamu ya mabati: vyumba vimepandana kama nyumba zetu za mlimani, mlango hakuna. Wageni wa kuitazama walikuwa njiani. Bwana mmoja wa ofisi ya ujenzi akashuka kwenye pikipiki, akaizunguka, akaipiga X ya rangi nyekundu, ile ya kubomoa.

"Kibali cha kujenga iko wapi?"

Dada akajibu, "Chef, mkubwa wangu, hii ni sanamu. Nani atalala mule?"

"Wote munasema hivyo. Kesho mutaleta kitanda."

Mi nilikuwa kati ya watu waliosimama kutazama; nikamwambia bwana, "Bon, haya mwanangu, ingia basi utuonyeshe choo."

Akapapasa mabati pande zote nne akitafuta mlango. Watu wakacheka. Simlaumu sana, hata mimi mwanzoni niliuliza nani anahamia.

Dada hakucheka. Alimpa mafuta ya taa tu, akasema, "Futa, wageni wanafika." Kitambaa hakikuwepo. Bwana akatazama huku na huku, akavua tai yake, akasugua. Alama ilitoka yote, ikahamia kwenye tai.