Mshale Wangu Katika Miwa Iliyochomwa

Nikimwambia mteja kwamba mimi huwinda kwa upinde, hugeuka ghafla kunitazama, nami namshika kichwa nakirudisha mahali pake. Nasuka nywele pale Point, mjini Durban, kwenye saluni ambayo zamani ilikuwa duka la samaki, na siku za mvua harufu yake bado inarudi. Watu hawatarajii msusi awe na podo la mishale nyuma ya mlango. Basi wasitarajie, hainipunguzii kitu.

Niliingia kwenye kundi la wawindaji kwa sababu ya vidole vyangu. Fundi mmoja Mtanzania, mchomeleaji wa vyuma huko Pinetown, alimleta mke wake nimsokote nywele. Akakaa kwenye benchi akaniangalia mikono mpaka mke wake akaanza kununa. Mwishowe akatoa mfukoni uzi wa upinde uliokatika, akaniuliza kama naweza kusokota mwingine kama huo. Yeye na wenzake walikuwa wakijichongea pinde za mti, za mtindo wa zamani zisizo na magurudumu wala darubini, lakini kusokota upote, yaani ule uzi wenyewe, kuliwashinda. Kila walipouvuta ulifumuka. Mimi nikamsokotea palepale, mke wake akisubiri na nusu ya kichwa, kisha nikamwambia malipo yangu ni kufundishwa kupiga.

Alicheka, alidhani natania. Hakujua kwamba kwetu Maniema, Kongo, baba yangu alikuwa na upinde ukutani, na kwamba mimi, kwa kuwa ni binti, nilikatazwa hata kuuruka ukiwa umelala chini. Siku fundi aliponiwekea upinde mkononi kwa mara ya kwanza, nilivuta mpaka bega likalia, na nilikuwa na hasira ambayo sikujua ilikuwa imekaa wapi miaka yote hiyo. Sikukosa mazoezi hata Jumapili moja baada ya hapo.

Siku ninayoisimulia tulikuwa sita, lakini wa kumjua, mbali na fundi, ni mmoja tu. Huyo ni baba mmoja wa Bluff, mzaliwa wa hapa hapa Durban, katika zile familia zinazoitwa za Wazanzibari. Ni Mwislamu, nguruwe hamli wala hamgusi, na kwa shabaha hakuna kati yetu wa kumfikia. Fundi humtania kwamba ni mwindaji pekee duniani anayerudi nyumbani na njaa ile ile aliyoondoka nayo. Yeye hujibu kwamba anakuja kwa ajili ya hewa.

Tulikwenda kwa pikapu ya fundi hadi shamba moja la miwa, mwendo mzuri kutoka mjini, ambako vilima vimevaa miwa kuanzia juu mpaka bondeni. Nguruwe pori hutoka kwenye msitu wa bondeni, wakaingia kwenye miwa, wakaiangusha, wakatafuna na kulala humo humo mchana kutwa. Mwenye shamba hataki risasi zipigwe mahali ambapo watu wanakata miwa, ndiyo maana alitukubalia sisi wa pinde. Alitupa sharti moja tu: nguruwe aliyejeruhiwa haachwi. Nguruwe mwenye jeraha hujificha kwenye miwa akanyamaza, na mtu wa kwanza kumfikia ni mkataji, ambaye amekwisha kuinama, uso wake karibu na shina.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Wakataji hukata kuzunguka, kipande cha miwa kinazidi kuwa kidogo, na sisi tunajipanga pembeni. Nguruwe wakiona pamebaki padogo, hutoka mbio. Wakataji wa siku ile waliongozwa na mama mmoja Mzulu, mwenye mabuti ya mpira na sauti ya kusikika kilima cha pili, ambaye mwenyewe pia alikata kama wengine. Sote tulimwita mama, kwa lugha yoyote neno ni hilo hilo.

Mchana, kipande kilipokuwa kimebaki kama ukubwa wa uwanja wa shule, nguruwe mmoja dume akatoka upande wangu. Alikuwa karibu sana. Nilivuta, nikaachia, na wakati mshale uko njiani yeye akageuka. Nikaona manyoya ya mshale yakienda naye, yamekaa nyuma mno, kwenye tumbo. Akarudi ndani ya miwa.

Mama alipiga mluzi, mapanga yote yakasimama. Watu wake wakatoka mmoja mmoja wakakaa kwenye trela, na hakuna aliyenilaumu kwa mdomo. Walinitazama tu, na heri wangenitukana.

Fundi akampigia simu mwenye shamba, maana hayo ndiyo makubaliano. Aliporudi uso wake ulikuwa umekunjamana. Ikiwa hatutampata kabla ya jua kuzama, mwenye shamba atakuja mwenyewe na bunduki na mbwa, na watu wa pinde wasirudi tena shambani kwake. Nikauliza kwa nini wakataji wasipumzishwe kesho. Yule baba wa Bluff akanionyesha kipande cha ng'ambo ya mfereji, cheusi chote. Kilikuwa kimechomwa moto asubuhi ili majani yaishe, na miwa ikishachomwa haingoji, sukari yake inaharibika. Kesho alfajiri wangekata, awepo nguruwe asiwepo.

Tukapanga. Wanaume wakazunguka pande tatu za kile kipande kisichochomwa, mimi niingie nifuate damu. Upande wa nne ulikuwa mfereji, na mtu wa kuuziba alikuwa mama peke yake. Nikamshika mkono nikamweka pale, nikamwambia, "Mama, linda hapa." Akaitikia kwa kichwa. Nikaingia.

Ndani ya miwa huoni mbele zaidi ya mkono wako. Nilikwenda nimeinama, nikiangalia tone hapa na tone pale, na niliogopa, sitaficha. Damu ilizunguka, ikarudi, ikazunguka tena, kisha ikanyooka kuelekea mferejini. Nikatoka nikiwa na hakika kwamba mama amemwona.

Mama alikuwa amekaa juu ya ndoo aliyoipindua, ameupa mfereji mgongo, anakula mkate. Nyuma yake, hatua chache tu kutoka kwenye ndoo, damu ilikuwa imevuka mfereji na kupanda kwenye miwa iliyochomwa.

Nilipandisha hasira. Nilimwambia kwa Kiswahili, Kifaransa na kile Kizulu changu cha saluni kila kitu kilichonijia, kwamba nilimpa kazi moja tu ndogo na ameishindwa. Mama akameza mkate wake bila haraka.

"Ngilindile," akanijibu, na kwa masikio yangu alikuwa anasema amelinda.

Nikataka kuanza upya. Yule baba wa Bluff, ambaye alizaliwa na lugha zote mbili mdomoni, akaja katikati yetu, na niliona anajizuia asicheke.

"Eish, dada. Kwa Kizulu kulinda ni kungoja. Umemwambia angoje, na yeye amengoja vizuri kabisa."

Hapo ndipo aibu iliponishika masikio. Neno hilo la Kizulu nalijua. Wateja wangu huniambia kila siku, linda kidogo nipokee simu, linda kidogo mtoto analia, na mimi nangoja. Lakini nilipoogopa, mdomo ulikwenda kuchukua neno la kwetu, na mama akapokea neno la kwao, na nguruwe akapita katikati. Nikamwomba mama msamaha. Akakung'uta makombo kwenye aproni yake, akaniuliza sasa tunafanyaje.

Fundi alikuwa na jibu lake tayari, simu ameishika. Alisema kwamba kwenye miwa iliyochomwa hakuna kufuata damu, kila kitu ni masizi, nyekundu juu ya nyeusi haionekani hata kwa tochi. Alisema hakuna ubaya wa kukubali. Tutatafuta shamba jingine.

"Dada, basi. Tuishie hapa, nimpigie simu mwenye shamba."

"Usipige," nikamwambia. "Nyama iko yangu, mshale iko yangu. Unipatie mpaka jua iingie."

 Pengine alikumbuka jinsi nilivyodai malipo yangu siku ile saluni. Akairudisha simu mfukoni, akasema ataenda na wengine kuziba upande wa juu. Baba wa Bluff akachukua kona ya chini. Alisema mkono wake haumgusi nguruwe, lakini mshale wake haujawahi kuuliza dini. Nilimshukuru kwa kunichekesha saa ile.

Mama akachukua panga lake la miwa, lile fupi lenye ncha iliyopinda, akasimama kando yangu. Sikumwomba. Alisema tu kwamba kipande kile anakijua, anakikata kila msimu.

Fundi alisema kweli kuhusu masizi. Mashina yalikuwa meusi kuanzia chini hadi juu, ardhi ilikuwa jivu tupu, na kila tulipogusa tulibaki na weusi. Damu ingeweza kuwa popote na nisiione. Nilisimama nikiwa karibu kulia. Kisha nikakumbuka kwamba begani nilikuwa na taulo jeupe la saluni, lile ninalolitumia kufutia jasho. Nikalifutia kwenye shina la kwanza, likatoka jeusi. La pili, jeusi. Nikaendelea, shina baada ya shina, kwa urefu wa tumbo la nguruwe, mpaka penye shina moja taulo likatoka na weusi wenye wekundu ndani yake.

Tukaenda hivyo. Mimi nilipangusa, mama akasukuma miwa kwa ubapa wa panga bila kufanya kelele. Tulipopoteza tulirudi kwenye shina la mwisho lenye wekundu tukaanza tena kulia na kushoto. Jua liliteremka usawa wa mabega yetu, vumbi la masizi likatujaa puani, na taulo likafika mahali halina tena pembe nyeupe. Nikavua kitambaa changu cha kichwa. Ni kitambaa cha kitenge cha rangi ya maziwa alichonitumia mama yangu kutoka nyumbani Kindu, na nilikipenda kuliko nguo zangu zote. Nikakipangusia masizi na damu.

Mama ndiye aliyemsikia. Alinikamata kiwiko, akaelekeza panga. Meno yalikuwa yanagongana mahali fulani mbele yetu, kwa utulivu, kama mtu anayetafuna kitu kigumu. Nikapiga magoti ndipo nikamwona kati ya mashina, amelala, kichwa ametuelekezea. Alikuwa ananitazama.

Nilivuta upinde, lakini ncha ya juu ikashikwa na miwa. Sikuweza kuulaza wala kuusimamisha. Nikamwambia mama kwa mkono tu, safari hii kwa mkono tu, kwamba nahitaji nafasi. Alielewa. Pia alielewa kwamba akikata, nguruwe atainuka, kwa sababu alinitazama kwanza machoni kuhakikisha kwamba niko tayari. Kisha akakata mara mbili, chini na juu, na miwa ikaanguka upande.

Nguruwe akainuka na kuja. Mama hakurudi nyuma hata kidogo, na kwa kuwa yeye alibaki, na mimi nilibaki. Nilivuta mpaka manyoya ya mshale yakanigusa shavu, nikangoja aupeleke mguu mbele, nikaachia. Mshale ukaingia chini ya shingo ukazama wote. Aliendelea kuja, akanipita nikiwa bado nimepiga magoti, bega lake likanipiga ubavu, kisha miguu yake ya mbele ikakunjika. Akaanguka kifudifudi akatulia.

Nililia, na sikujali kwamba mama ananiona. Nililia kwa ajili yake pia, yule dume, aliyebeba mshale wangu tumboni tangu mchana kwa sababu alikuwa amegeuka. Mama akanipa mgongo mpaka nikamaliza, huo ulikuwa wema wake. Halafu akaita, na kutoka juu nikamsikia fundi akiitikia, na kutoka chini yule baba wa Bluff akimshukuru Mungu kwa Kiarabu.

Nilipojipangusa uso niliona mama amesimama kando ya nguruwe, anatazama kijiti kilichochomekwa ardhini karibu na pua ya mnyama. Juu yake palifungwa kitambaa chekundu. Nikamwuliza ni nini. Alinieleza kwa Kizulu cha polepole, neno moja moja, ili mara hii nisikosee. Kila mkataji ana mstari wake, na siku moja kabla ya kazi, moto ukishapoa, huweka alama yake mahali pa kuanzia, maana alfajiri bado giza na mtu huanza kwa kuinama tu na kukata, haangalii.

"Hiki ni changu," akasema. "Kesho mimi naanzia hapa."

 Nikaweka upinde chini, nikashika miguu ya nyuma, yeye akashika ya mbele, tukamburuta nguruwe nje ya mstari wake.