Deni Lililolipwa kwa Miraa

Aliyekuwa rafiki yangu alisimama katika mahakama ya madai madogo mjini Meru, akavaa miwani, akaanza kusoma jumbe nilizomtumia wakati mume wangu alipokuwa amelazwa. Alisoma polepole, neno kwa neno, kama mwalimu wa darasa la kwanza, ilhali mwalimu ni mimi. "Dada, nisaidie, sina mtu mwingine." "Dada, nakuomba kwa jina la Mungu." Kuna mahali nilikuwa nimeandika kwamba nitamlipa hata kama ni kwa kumfulia nguo. Hapo alipasoma mara mbili. Watu waliokuwa nyuma wakingojea kesi zao walicheka. Nilimchukia siku hiyo kwa moyo wangu wote, na sijaacha.

Alikuwa amenikopesha shilingi laki moja na nusu. Hilo sikatai. Tulisoma shule moja ya upili, tukalala kitanda kimoja bwenini, kisha yeye akaingia biashara ya ndizi kule Mitunguu akanawiri, mimi nikawa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Maua nikawa na madeni. Pesa zake zilikwenda hospitalini, mume wangu akaenda kaburini. Kukopa harusi, kulipa matanga, husema Waswahili. Mimi hata harusi yenyewe sikuiona.

Kilichobaki ni miti ya miraa aliyoniachia marehemu, mizee, yenye kuchipua vizuri mvua ikinyesha. Sasa, kwetu Igembe mwanamke hakwei mti wa miraa. Hauchumi, wala hasimami chini yake kujadili bei. Ataletewa pesa alipe karo, basi. Kwa hivyo nilipokubaliana na rafiki yangu kwamba ndugu yake aje achume misimu miwili, na mavuno hayo yawe ndiyo malipo ya deni, ilibidi tutafute mwanamume wa kusimama pale. Tukamwita shemeji yangu, kaka wa marehemu. Alichuma kijiti kimoja, akakitafuna, akasema, "Sawa, nimesikia."

Hatukuandika popote. Wanawake wawili waende kwa wakili kuandikiana mkataba wa miraa? Tungekuwa kichekesho cha soko zima. Isitoshe, huyu nilikuwa nimelala naye kitanda kimoja.

Ndugu yake alichuma misimu yote miwili, tena bila huruma, hadi nikadhani miti itakauka. Deni likaisha. Krismasi hiyo rafiki yangu alikuja kwangu, tukala mbuzi.

Halafu nikafungua mdomo. Ilikuwa kwenye chama chetu cha akina mama, tunakunywa chai, mmoja akamsifu kwamba amenunua lori la pili. Nikasema, "Malori anayo, lakini atamwachia nani? Ndizi?" Yeye hajawahi kupata mtoto. Nilijua vizuri, maana ndimi niliyekuwa nikimsindikiza kwa madaktari, na ndimi niliyemshika mkono alipoambiwa haiwezekani. Akina mama walicheka sana, nami nikaona raha. Nilikuwa na wivu, sitaupaka rangi. Maji yakimwagika hayazoleki. Kabla jua halijatua alikuwa ameshaambiwa.

Hakunipigia simu. Wiki mbili baadaye mtu aliingia darasani mwangu, watoto wakiwa katikati ya hesabu za kugawanya, akanikabidhi hati ya mahakama ya kudai deni lilelile na kunitaka nitie sahihi. Watoto wakasimama kumwamkia mgeni. Nilitia sahihi kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia.

Basi zamu yangu ilipofika, nilimweleza hakimu kwamba deni lile nililipa kwa miraa. Rafiki yangu alivua miwani.

"Mheshimiwa, wewe ni mtu wa huku," alisema. "Umewahi kuona wamama wawili wakiuziana miraa kwa shamba? Mimi ni mtu wa ndizi. Ndugu yangu alichuma, ndio, sikatai, lakini alikodi hiyo miti kutoka kwa wanaume wa hapo na akalipa cash. Hayo ni maneno yao. Mimi nitajulia wapi?"

Hakimu, kijana wa huku huku kwetu, alijaribu kuficha tabasamu akashindwa. Ukweli wangu ulikuwa unachekesha kuliko uongo wake. Rafiki yangu aliijua mila hiyo kama mimi, na aliishika kama panga.

"Una shahidi?" hakimu akaniuliza.

Nilikuwa naye. Shemeji alikuwa ameketi nje kwenye benchi, amevaa koti la kanisani. Hakimu alinipa dakika kumi nimlete.

"Mwalimu, mimi nitakusaidia," shemeji aliniambia hata kabla sijaketi. "Nitasema vile ilikuwa. Mliniita, nikasikia, nikakubali ile miraa ilipe deni yako. Lakini lazima niseme pia miti ni ya nani."

"Ni ya nani?"

"Ni ya mzee wetu. Shamba iko kwa jina yake mpaka leo. Ndugu yangu alikuwa anachuma tu. Sasa mwenyewe ni mimi, ndio maana mliniita nitoe ruhusa." Akaniwekea mkono begani, kwa upole, kama ananipa pole ya msiba. "Wewe uko na wasichana wawili. Wataolewa, waende. Sasa miti utamwachia nani?"

Sentensi ile ilikuwa yangu, nilikuwa nimeisema juu ya chai, na sasa nilijua ladha yake.

"Mimi nikisema, wewe unasema ni kweli," akaendelea. "Inaandikwa. Deni imeisha leo leo, unaenda nyumbani."

Nilikaa pale na dakika zangu kumi. Binti yangu mkubwa yuko kidato cha tatu, mdogo cha kwanza, na karo yao inatoka kwenye miti hiyo, si kwenye mshahara wangu. Deni ningeweza kulilipa mara ya pili, kwa miaka ya kula sukuma wiki na kuvaa nguo zilezile. Miti ikishaandikwa jina la shemeji ndani ya faili ya mahakama, nani angenirudishia? Nikamwambia arudi nyumbani. Akashtuka kweli, nami nikafurahi kuona ameshtuka.

Nikaingia peke yangu.

"Shahidi yuko wapi?"

"Hakuna, mheshimiwa."

"Na hiyo miraa?"

"Haikuwa ya deni. Nilisema uongo."

"Kwa hivyo umelipa kiasi gani?"

"Sijalipa hata shilingi."

Chumba kizima kilinitazama kama mwizi. Mtu mmoja tu humo ndani alijua kwamba uongo ndio huo niliokuwa nikisema wakati ule, na aliufahamu mara moja. Niliona mdomo wake ukifunguka. Ndiye aliyeshika mkono wangu tukimzika mume wangu, na kwa muda ule nilidhani atasimama aseme jambo.

Akasimama.

"Mheshimiwa," alisema, "na nauli yangu? Nimekuja hapa mara tatu kutoka Mitunguu."