Siku Mtani Alipogoma Kumzika Baba

Mwanangu, nakumbuka mchana mmoja pale Mandawa, maiti ya baba yangu imo ndani, kaburi halijachimbwa hata shubiri moja, na mchimbaji mkuu amekalia mpini wa jembe lake anacheka. Nakusimulia kwa sababu juzi nilikusikia na simu yako, ukiwaambia wenzako kwamba vita vile vya Mashariki ya Kati vimeandikwa katika unabii, mataifa yameshapangwa pande zake, kwa hiyo kupiga kura ni kupoteza muda. Nikatabasamu. Maneno hayo niliyasema kabla yako, tena kwa sauti kukuzidi.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, kiongozi wa kikundi cha maombi. Sisi Wamakua tulihamia kutoka upande wa Masasi, nyumba chache za Wakristo katikati ya Waislamu waliotupokea na kutukatia mashamba. Kila taarifa ya habari nilikaa na redio, Biblia mapajani, nikigawa falme: hii ya mnyama, ile ya Bwana. Hata wakati ule huko Mashariki ya Kati kulikuwa na vita; vikipoa, nilisikitika. Ndiyo, nilisikitika, maana niliona Bwana anachelewa! Watu wanakufa huko, mimi nasema amina. Mpaka leo naona haya.

Polepole mambo ya redioni yakaingia kijijini. Mzee Issa, Mmwera, jirani yetu na mtani wa ukoo wetu, akawa machoni pangu askari wa upande wa mnyama. Utani wake nikaacha kuujibu. Kijiji kilipoitisha mkutano wa kujenga zahanati, nikawazuia Wakristo wenzangu nikisema serikali zote zinapita, matofali ya nini na Bwana yu mlangoni? Hatukwenda. Mikono ikapungua, msingi ukaota majani. Baba alinionya mara moja tu: "Lukasi, usiache mbachao kwa msala upitao." Nikamwona mzee wa watu, hajui unabii.

Masika yale baba akashikwa na homa kali. Tukampakia kwenye baiskeli, njia nzima tope, tukatafute gari la kwenda hospitali ya Nachingwea. Tulipofika Ruangwa alikuwa ameshakata roho. Sisemi zahanati ingemwokoa, hilo analijua Mungu. Nasema tu kwamba hatukuwa nayo.

Kwetu watani ndio hushika jembe msibani. Mzee Issa akaja mapema na vijana wake, kofia kichwani, majembe mabegani. Akafika mahali pa kaburi, akakaa.

"Sichimbi," akasema, wafiwa wote wanasikia. "Huyu Lukasi katutangazia mwisho wa dunia u mlangoni. Tumzike babake leo, afufuliwe kesho, kazi ya nani hiyo? Mwacheni kivulini, angoje parapanda!"

Watu wakaangua kicheko. Hata mama, na machozi yake, akacheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze, lakini hata shimo lenyewe halikuwepo.

"Mzee, tafadhali," nikasema.

"Tafadhali ya nini? Unasema kuna vita, na sisi ndio maadui. Haya mtani, nyoosha kidole. Adui yako hapa ni yupi?"

Nikatazama. Alikuwapo Salumu, aliyenisaidia kumshusha baba kwenye baiskeli. Alikuwapo Mohamedi, ambaye mkewe alikuwa anatupikia ugali wa msiba. Mkono haukuinuka. Nikalia kwa mara ya kwanza tangu baba afe, nikasema, "Hayupo, Mzee. Nisameheni."

"Ah, basi!" Akaruka, akapiga jembe la kwanza. "Marehemu, ukifika huko mwambie Mola, mwanao alikuwa na haraka kumshinda Yeye."

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na mimi nilifunzwa na mtani. Mkutano uliofuata nilikuwapo, na matofali nikayafyatua mpaka mgongo ukakataa. Zahanati hiyo ndimo ulimozaliwa wewe.

Sikukatazi kuamini. Bwana atarudi, nami nitakufa nikiamini hivyo. Lakini siku yenyewe hakutupa sisi tuipange, wala hakututuma tushangilie damu ya watu ili aharakishe. Anayekuambia unabii umeshakuchagulia watu wa kuchukia, muulize kama yeye ndiye atakayekuja kukuzika. Soma Biblia yako, kisha nenda mkutanoni, ukapige kura, umchague mwenye haki hata kama hasali unavyosali. Vita vya mbali viombee viishe. Na jirani akikutania, mjibu.

Mungu akuzidishie imani na akili kwa pamoja, asikupe moja akakunyima nyingine. Akupe mvua kwa wakati na majirani wasemao kweli. Na Bwana ajapo, mwanangu, akukute shambani, mikono ina udongo, hujamchukia mtu. Amina.