Mama Kesho na Jalada la Mgombea

Ofisini kwetu tulikuwa waendesha mashtaka sita, na mmoja wetu tulimwita Mama Kesho. Ukimuuliza jalada limefikia wapi, jibu lilikuwa moja: "Njoo kesho." Alisoma kuanzia ukurasa wa mwisho kurudi wa kwanza, rula chini ya kila mstari, halafu akaanza upya. Mimi ndiye niliyekuwa bingwa wa kumtania. Nilimwambia siku akifika peponi atachelewesha foleni nzima kwa kulisoma daftari la malaika. Alicheka, akaendelea kusoma.

Wiki moja kabla ya orodha ya wagombea kufungwa, mkuu wetu alimletea jalada yeye mwenyewe, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Lilihusu uchunguzi wa serikali juu ya dawa zilizopotea katika zahanati. Mtuhumiwa alikuwa mwalimu mstaafu anayegombea ubunge dhidi ya waziri. Mwenye kesi mahakamani hagombei.

"Simu imetoka juu," mkuu akasema. "Hati ya mashtaka iwe na saini yako kabla ya Ijumaa jioni."

"Nitasoma kwanza, mkuu."

Jumatano Mama Kesho akaniita mezani kwake. Mashahidi watatu wa zahanati tatu, watu wasiojuana, walikuwa wameeleza kila kitu kwa maneno yale yale, hadi nukta na mkato. Akavua miwani. "Mdogo wangu, naogopa. Shemeji yako hana kazi, mwaka wa pili huu. Wakinihamishia mwisho wa dunia, nyumba yangu itakuwaje?"

Nilimwambia, na kwa aibu nasema, kwamba mkono usioweza kuukata, ubusu.

Alhamisi asubuhi mkuu alikuja. Mama Kesho akasimama. "Ushahidi huu umepikwa, mkuu. Kama wakubwa wanataka nisaini, waniandikie barua yenye jina na saini zao. Nitaiweka ndani ya jalada, ukurasa wa kwanza kabisa."

Taratibu za ofisi zilimruhusu, ila sikuwahi kuona mtu aliyethubutu. Mkuu alilinyakua jalada, akalitupa mezani kwangu. "Saini wewe. Wewe ni mtu wa kuelewa."

Mtu wa kuelewa! Neno hilo liliniuma kuliko tusi. Nilitazama mahali pa saini. Nilitamani kusaini, yaishe, nirudi nyumbani kwa wanangu. Nikaisikia sauti yangu ikisema: "Na mimi naomba barua, mkuu."

Siku hiyo jalada lilipita meza zote. Yule wa karibu na dirisha, anayemwogopa hata mlinzi wa getini, aliomba barua. Wawili ambao hawakuwa wakisalimiana tangu mwaka jana waliomba barua kwa pamoja. Mama Kesho alikuwa ameinamia kesi ya wizi wa pikipiki, rula mkononi, machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

Ijumaa simu ya mkuu iliita, mlango wake ukiwa wazi. Sote tuliacha kuandika. Alisikiliza kwa muda mrefu huku akijifuta shingo kwa leso. Kisha akasimama, akafunga vifungo vya koti kama mtu aliyeitwa mbele ya hakimu.

"Mheshimiwa," akasema, "niandikie barua."

Barua haikuja, na jina la mwalimu likabaki kwenye orodha.