Mpuliza Vanishi
Mama watoto alizijua desturi za mumewe. Kabla ya kupulizia vanishi meza aliyoiunda mwenyewe, hulitikisa kopo karibu na sikio, akisikiliza kigololi kikigonga ndani. Kisha huanzia nje ya ukingo na kupitisha mkono polepole, bila kusimama, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Leo alimaliza kulitikisa, lakini kopo likaendelea kutikisika. Vanishi ikatua kwa mawimbi. Mke, aliyesimama mlangoni, akamkumbuka baba mkwe: naye alianza hivyohivyo, akaishia kulishwa kwa kijiko.

“Tangu lini, baba watoto?”

“Ni baridi tu,” alisema, na huku kijasho kinamtoka.

Mke alimsogelea. Alimshika kifundo cha mkono ili autulize, akagundua wake nao unatetemeka.